Paka mmoja, majina matatu, kesi kwa mjumbe

Kesi ya paka ilifika mpaka kwa mjumbe. Cheka kwanza umalize, halafu rudi usome, maana siku hiyo pale kwenye viti vya plastiki kuna mtu alikuwa ameshanunua sumu na anangoja tu giza liingie.

Mwenye paka ni mdada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, miaka ishirini na kitu, anauza magauni ya mtumba mtandaoni. Alfajiri yuko Karume anachambua mzigo, mchana anafua na kupiga pasi, jioni anapiga picha na kuposti, bodaboda anamalizia. Amepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji wengine wanne, na hapo ndiyo duka, ndiyo stoo, ndiyo pa kulala. Sasa fikiria panya akishajua njia ya kuingia humo.

Alijua. Gauni ambalo mteja wa Dodoma alikuwa ameshalilipia lilikutwa limetobolewa kwapani. Pesa ikarudishwa, matusi yakapokelewa inbox, na wiki hiyohiyo mdada akaenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili ambaye paka wake alikuwa amezaa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akachagua dume la kijivu lenye michirizi, akambeba kwenye boksi la viatu, akampa jina la Bosi. Majirani wengine mpaka leo wanasema tatizo lilianzia kwenye jina.

Miezi ya kwanza yalikuwa mapenzi matupu. Bosi analala shingoni kwa mama yake kama skafu, Bosi anaingia kwenye beseni la nguo safi na kujifanya ni mzigo mpya. Video ya Bosi akilala ndani ya kofia ilipata likes kuliko magauni yote ya mwezi ule. Panya wakahama bila notisi.

Halafu Bosi akakua. Paka dume anaanza kubalehe akiwa na miezi kama sita hivi, na huyu hakuchelewa. Kila magharibi ikifika anakaa dirishani, anaangalia nje kama mtu anayesubiri gari la mwisho. Siku ya tatu wavu wa mbu ukawa na mlango. Fundi akaja akaziba, kesho yake mlango mwingine pembeni ya kiraka. Fundi akaja tena. Mara ya tatu fundi mwenyewe akasema, "Dada, mimi pesa yako naipenda, ila huyu ataendelea."

Ndipo vita ikaanza rasmi.

Silaha ya kwanza: kumfungia. Madirisha yote yakafungwa, joto la Dar unalijua, feni inazungusha hewa ya moto, na Bosi analia kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi. Siyo kale kamlio ka kuomba chakula. Ni kilio cha mtu aliyeonewa. Chumba cha pili anakaa kaka mmoja mlinzi, siku zake za kupumzika ni mbili tu kwa wiki, na zote mbili aliamka akigonga ukuta. Usiku wa tatu Bosi akapanda juu ya mzigo wa magauni uliokwisha kupigwa pasi, akainua mkia, akapiga saini. Kama hujawahi kunusa mkojo wa paka dume asiyehasiwa, mshukuru Mungu wako. Wanarusha kwa makusudi, kuweka alama kwamba hapa pana mwenyewe. Sabuni ikapita, limau likapita, siki ikapita. Magauni mawili yakaishia kuwa matambara ya kudekia.

Silaha ya pili: mkanda wa shingoni na kamba, kama wale paka wa Ulaya kwenye simu. Bosi alivyovishwa tu akajilaza chali pale uani, akakataa kabisa kuwa na miguu. Mdada akamvuta kidogo, akaburuzika kama mfuko wa mchele. Watoto wa nyumba nzima wakaja kuangalia. Alipoona watazamaji wametosha, akarudi nyuma hatua mbili, akajinyonga kidogo, mkanda ukabaki kwenye kamba na paka yuko juu ya ukuta. Kitaalamu ni kwamba mtulinga wa paka ni mdogo na haujashikamana na mifupa mingine kama wa kwetu, kwa hiyo mahali kichwa kikipita, mwili nao unajipanga unapita. Ukitaka kumfunga paka, unashindana na maumbile yenyewe.

Silaha ya tatu: rushwa. Maziwa ya paketi kila jioni, ili arudi. Hapa katuni zimetudanganya wengi. Paka mkubwa, mara nyingi, tumbo lake haliwezi kusaga sukari ya maziwa. Bosi alirudi kweli, akanywa, akashiba, akapanda kwenye kochi, na mengine tusiyaandike, watu wanakula.

Shosti mmoja akashauri amkate masharubu, eti paka asiye na masharubu haendi mbali. Nashukuru hilo halikufanyika, angesema Bosi kama angeulizwa. Yale masharubu ndiyo vidole vyake gizani, ndiyo anapimia kama tundu linamtosha. Kumkata ni kumtoa nje akiwa nusu kipofu, maana kutoka angetoka tu.

Na huku nyuma maneno ya mtaa hayalali. Mwanamke anaishi peke yake, hana mume, ana paka, na paka mwenyewe hatulii nyumbani. Uliza sentensi iliyofuata hapo. Kwenye foleni ya maji mama mmoja akaitamka kwa sauti: "Kama paka tu humuwezi, mume utamuweza?" Watu wakacheka. Mdada naye akacheka, akajaza ndoo yake, akaenda kulia ndani.

Kibaya zaidi kuna ukweli alikuwa anauona mwenyewe na hapendi. Mwaka uliopita aliachana na mkaka aliyekuwa anataka video call kila akichelewa Karume, anataka kuona ni kweli yuko sokoni, mpaka bei za nguo anaulizwa ili kuhakiki. Sasa yeye mwenyewe saa sita usiku yuko kwenye kichochoro na tochi ya simu, amejifunga kanga, anaita "Bosi! Bosi!" na huku anasema kimoyomoyo, akirudi leo atanitambua. Alipojikuta amesimama pale, alizima tochi akarudi ndani. Usiku ule hakulala vizuri.

Jibu la Bosi anaenda wapi lilikuja kwa njia ya aibu. Alimwona kwenye status ya mtu. Mpangaji mwenzake kapitisha video, ya kuchukuliwa kwa mtu mwingine, na humo ndani kuna paka wa kijivu mwenye michirizi amelala kwenye kochi la kitambaa cha kudarizi, anakunwa kidevu, na sauti ya mama mtu mzima inasema, "Mjukuu wangu huyu, kila jioni lazima aje kunisalimia."

Mjukuu!

Geti la nne kutoka kwake. Anakaa mwalimu mstaafu, wanae wote wako mikoani, mume alishafariki. Mdada akaenda, shikamoo, marahaba karibu, na kabla hajaeleza kilichomleta Bosi akatokea jikoni kwa mwalimu akijilamba, akamwangalia mama yake kama vile wamekutana kwenye daladala. Akapita. Mwalimu akaeleza kwamba kila siku anamwekea vichwa vya samaki, na kwamba akichelewa yeye hali mpaka amwone. Mdada hakuwa na moyo wa kusema "huyo ni wangu". Alikunywa chai akaondoka.

Njia ya kurudi akapita kibanda cha chipsi, vijana wakapiga kelele, "Dada, ulikuwa unamtafuta VAR?" Kumbe pale ana jina lingine. Anaitwa VAR kwa sababu kila siku anakaa juu ya paa la kibanda anaangalia mishikaki, na akiona kipande kimedondoka, uamuzi ni papo hapo, hakuna rufaa.

Usidhani alikuwa anachanganya majina hayo. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Scientific Reports: walikuwa wamewasomea paka maneno ya kawaida, halafu jina la paka mwenyewe, wakaona paka wa majumbani wanalitofautisha jina lao na maneno mengine. Masikio yanacheza, kichwa kinageuka. Kuja ndiyo suala jingine. Kwa hiyo yale makelele ya usiku kichochoroni Bosi alikuwa anayasikia vizuri sana. Alikuwa na ratiba yake tu.

Wanaofuatilia historia wanasema asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa Mashariki ya Kati, kama miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka. Nafaka ikaita panya, panya wakaita paka. Kwenye kisiwa cha Kupro wamefukua kaburi la miaka kama 9,500 lenye mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Lakini hakuna aliyemfunga kamba akamleta. Mbwa tulimfuga tukamfundisha kazi, kulinda, kuwinda, kuchunga. Paka alikuja mwenyewe kwa sababu ya chakula, akaona mazingira mazuri, akabaki. Ukisoma hivyo, tabia ya Bosi siyo utovu wa adabu. Ni mkataba wa zamani, na yeye anaufuata neno kwa neno.

Shida ni kwamba mtaani kuna mikataba mingine.

Nyuma ya nyumba anakaa mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Siyo kwa kujifurahisha. Kuku wale ndiyo ada ya shule, ndiyo hela ya hospitali, ndiyo heshima mgeni akija. Kuku wake mmoja aliangua vifaranga kumi na moja, na ndani ya wiki mbili wakabaki wanne. Saba hawapo. Na mara mbili Bosi alionekana juu ya ukuta ule akiwa amejikunja, mkia unacheza nchani. Kila aliyewahi kukaa na paka anajua mkia ukicheza hivyo maana yake nini.

Ni kweli hakuna aliyemwona na kifaranga mdomoni. Na ni kweli Dar hii ina kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu, wanaoweza kunyakua kifaranga mchana kweupe mbele ya mama yake. Lakini kunguru hana mwenyewe. Huwezi kumpeleka kunguru kwa mjumbe. Paka ana mdada, na mdada ana mlango wa kugonga.

Mama akagonga. Hakutukana. Alisema tu kwa utulivu, na ule utulivu ndiyo ulitisha: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila kesho naweka dawa."

Dawa inapatikana kirahisi mno. Yule kijana wa kipaza sauti, anayetangaza dawa ya panya, mende na kunguni, anapita mtaa ule karibu kila siku. Unanunua pakti, unachanganya na dagaa, unaweka ukutani. Na hata ukilenga panya tu, paka akimla panya aliyekula sumu naye anaweza kuondoka. Vijana wa chipsi walishamwona paka mmoja mweupe wa mtaa huo akihangaika kwenye mtaro, mate yanamtoka, hadi akatulia. Watoto walikuwa wanaangalia. Mdada alipofikiria hilo, na akafikiria mwalimu akikaa na sahani ya vichwa vya samaki anamngoja mjukuu asiyekuja, akaenda yeye mwenyewe kwa mjumbe. Mshitakiwa ndiye aliyefungua kesi.

Mjumbe ni mzee mtaratibu, ameshaamua kesi za mipaka, za muziki, za maji machafu. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akauliza swali moja.

"Binti, huyu paka ni wako au siyo wako?"

Kimya. Hili swali lina mtego na kila mtu pale alikuwa anaujua. Akisema siyo wangu, ni paka shume tu wa mtaa, halipi hata mia, lakini basi hana la kusema sumu ikiwekwa. Akisema ni wangu, vifaranga saba ni wake, na kuanzia leo kila kitakachopotea mtaa mzima, samaki, nyama, kipapatio, kitatafutwa kwake. Na yeye huyo paka ambaye anamdai kuwa wake, analala kwake siku nne kati ya saba, na haitiki.

"Ni wangu, baba."

"Basi lipa."

Wakakubaliana elfu tatu kila kifaranga, jumla elfu ishirini na moja. Mdada anafungua simu atume, mara mwalimu mstaafu, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia na mkoba wake, akakaa, akasema naye ni mzazi mwenzie kwa huyu mtuhumiwa, kwa hiyo nusu ni yake. Vijana wa chipsi walituma mwakilishi na buku mbili. Mama wa kuku akajikuta anacheka bila kutaka. Lakini pakti ya sumu aliikabidhi kwa mjumbe, na hilo ndilo lililokuwa la muhimu.

Mjumbe akaongeza sharti: mdhibiti. Ni neno rahisi sana kulitamka ukiwa umekaa kwenye kiti.

Safari hii mdada hakwenda kununua kamba. Alimtafuta daktari wa mifugo, akaja na pikipiki na begi lake, akasema kitu ambacho kingeokoa magauni mawili na nyavu tatu kama kingesemwa mapema: mhasini. Dume akihasiwa, ile hamu ya kuzurura kutafuta majike na kupigana inapungua, na kurusha mkojo nako mara nyingi kunapungua sana. Haiishi siku hiyohiyo, homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Akamchoma pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa ule hauchagui mbwa peke yake, na paka anayepigana mitaani akikung'ata si mchezo. Akaacha onyo moja la kubandika ukutani: akiwa na maumivu usimpe paracetamol, hata kipande. Dawa ile ile unayomeza wewe kichwa kikiuma inaua paka. Mdada alinyamaza, kwa sababu miezi miwili nyuma Bosi alirudi na sikio limechanika na kidonge kilikuwa tayari kimeshavunjwa mara mbili. Kilichomwokoa ni kwamba alikitema.

Habari za kuhasiwa zikafika kibanda cha chipsi na wanaume wakaumia kuliko mgonjwa. Mmoja akasema dada amemdhulumu VAR haki yake. Mwingine akakataa kumhudumia chipsi kwa siku mbili, kama mgomo. Bosi mwenyewe alilala siku moja, ya pili akaomba chakula, ya tatu yuko dirishani.

Kilichobadilika ni muda. Paka wanachangamka zaidi alfajiri na jioni, ndiyo saa zao za kuwinda, kwa hiyo mdada akaacha kupambana na usiku mzima akashughulika na saa hizo tu. Saa kumi na mbili jioni anagonga kopo la dagaa kwa kijiko. Haiti jina. Kopo tu. Kabla ya chakula anamchezesha na mkanda wa gauni dakika kama kumi, anakimbiza, anarukia, anauma, halafu ndiyo anakula, na paka aliyewinda akala anachotaka baada ya hapo ni usingizi. Dirisha linafungwa mpaka saa mbili asubuhi. Mama wa kuku naye akakubali kuwafunika vifaranga na tenga mpaka jua likolee. Mchana Bosi yuko huru, anapita kwa mwalimu, anapita kwenye paa la chipsi, anakagua.

Je, anarudi kila jioni? Hapana. Siku tano kati ya saba, sita akiwa na njaa. Siku asiporudi, mdada anampigia mwalimu simu, mwalimu anajibu hata kabla ya salamu, "Yupo, amelala." Basi. Tochi haiwashwi tena.

Wiki ya tatu kifaranga kingine kilipotea, saa moja asubuhi, mtu alisahau kufunika tenga. Bosi alikuwa ndani, dirisha limefungwa, mlinzi wa chumba cha pili ni shahidi maana alikuwa anamsikia akikoroma. Kunguru wawili walikuwa juu ya mnazi. Mama wa kuku hakuomba radhi, na elfu ishirini na moja haikurudi, tusidanganyane. Ila Jumapili alichinja jogoo, na mtoto akatumwa na kibakuli cha utumbo uliochemshwa: "Mama kasema mpe paka."

Sasa limekuja jingine. Mwenye nyumba amepandisha kodi, na mdada amepata chumba cha nafuu Chanika. Kuhama na paka kuna utaratibu wake, unamfungia ndani ya nyumba mpya wiki mbili au tatu mpaka aizoee, la sivyo anaanza kutafuta njia ya alikotoka, na kutoka Chanika hadi Tabata kuna barabara nyingi za kukatiza. Mwalimu hajasema chochote. Ila juzi mdada alipopita kumsalimia aliona sahani mpya sakafuni, ya bati, ina jina limeandikwa pembeni kwa rangi ya kucha. Mjukuu.

Kodi inaisha tarehe 30. Bosi bado hajaambiwa.